Usukani Ukikatwa Kushoto

Igunga, 9 Novemba 1953

Mjomba Justus,

Shikamoo. Nakusalimu wewe pamoja na mkaza mjomba Apolinaria, na mguu wake natumaini umepoa. Mimi sijambo. Mvua huku inanukia tu, haijashuka. Kila siku nazunguka vijijini kukagua kama watu wameng'oa na kuchoma miti ya pamba ya msimu uliopita. Wananichukia kwa kazi hiyo, lakini maziwa wananipa.

Pikipiki niliyouziwa na yule mpima ardhi inakwenda vizuri, ila ina wazimu mmoja, na wazimu huo ndio ulionifanya nishike kalamu. Unajua wizi wa ng'ombe ulivyotuchosha huku. Mzee Ngollo, mkubwa wa kijiji hiki, aliniambia mbele ya mkutano: "Bwana Pamba, wewe unapita kote na huyo mdudu wako. Ukiona ng'ombe wanaswagwa na mtu usiyemjua, bonyeza honi usiinue kidole. Koo la mtu linafika kisimani tu. Hiyo inafika mbali." Tangu siku ile honi fupi ni salamu, na honi ndefu ni mwano, wito wa hatari. Nawe mwano unaujua kuliko mimi: anayesikia wenzake wakiitana kwa hatari naye akabaki ndani, siku ya msiba wake atachimba kaburi peke yake.

Basi juzi jioni nilikuwa nakata kushoto pale kona ya kisima, honi ikalia yenyewe. Sikuigusa! Ungecheka, mjomba. Watu walitoka na mikuki, na marungu, mmoja ana mchi wa mkewe. Muuza chumvi aliyekuwa anapita na mzigo wake alipigwa rungu la mdomo kabla sijapata nafasi ya kueleza, na meno yake ya mbele yakabaki mchangani. Nilipounyoosha usukani, honi ikanyamaza. Nikawaambia ni mashine, hakuna mwano. Walinitukana mimi na mashine na aliyeitengeneza. Masolwa, kijana jirani yangu, akasema: "Ukituita bure tena, Bwana Pamba, rungu litatafuta meno yako." Wote wakacheka, nami nikacheka.

Nieleze kasoro iko wapi.

Mpwa wako,
Hilari


Tabora, 24 Novemba 1953

Mpwa wangu Hilari,

Marahaba. Sisi wazima. Mguu wa Apolinaria umevimba lakini anatembea, na ulimi wake haujavimba hata kidogo. Mama yako Marcelina alikuja Jumapili kutoka Igalula na kapu la karanga, akarudi kwa treni ya jioni.

Barua yako ina kicheko kingi, na meno ya muuza chumvi yamo humo humo katika kicheko. Yasome tena ulivyoyaandika. Halafu tuendelee.

Watu wengi hudhani kile kidude unachobonyeza ndicho kinachopeleka umeme kwenye honi. Sivyo. Umeme kutoka kwenye betri umeshafika kwenye honi, umekaa pale unangoja. Unachokosa ni njia ya kurudi. Kutoka kwenye honi unatoka waya mwingine unaopanda hadi kwenye kidude, na ukibonyeza, waya huo unagusana na chuma cha usukani. Chuma chote cha pikipiki ni njia ya kurudi kwenye betri, kwa hiyo honi inalia. Sasa chukulia kwamba mpira wa waya huo umechubuka mahali fulani njiani, na shaba iliyo wazi imegusa chuma. Honi haina akili ya kujua kwamba hukubonyeza. Itafanya kazi yake.

Umesema inalia ukikata kushoto na kunyamaza ukinyoosha. Hapo umeshanionyesha pa kutazama. Waya unapotoka kwenye usukani kuingia chini ya tangi, unapita shingoni, kwenye ule uchochoro mwembamba ambao usukani unauminya kila ukikata. Miaka ya kuminywa inatafuna mpira. Zima injini, ukate usukani kushoto mpaka mwisho, tazama shingoni kwa jicho moja. Utaona shaba inang'aa. Usiridhike kuufunga utepe. Weka waya mpya, uuache mrefu kidogo ili usivutike, uufunge mbali na shingo.

Lakini kabla ya yote hayo, leo hii, kabla hujamaliza kusoma barua hii, chomoa waya kwenye honi uuache unaning'inia. Kijiji kilichozoea kuua kwa sauti hiyo hakiwezi kungoja upate nafasi. Ningekuwa karibu ningeuchomoa kwa mkono wangu.

Jirani yetu Yahaya ameondoka kuja pande zenu kununua ng'ombe. Atawaswaga mwenyewe kwa miguu hadi Tabora, kwa ile njia ya zamani ya wapagazi, kwa kuwa anasema ng'ombe akipanda lori anakonda kwa huzuni. Nimemwambia upo Igunga. Bado anakuita mtoto wa Marcelina, anasahau kwamba una ndevu. Akipita mpe maji na mahali pa kulala. Mkewe Kuluthumu anakusalimu.

Nampa barua hii dereva wa lori, maana posta ina siku zake.

Mjomba wako,
Justus Lugembe


Igunga, 28 Desemba 1953

Mjomba,

Shikamoo. Heri ya sikukuu. Mimi sikwenda kanisani, mvua ilikuwa kubwa.

Barua yako ilichelewa. Lori lilikwama matopeni mpaka maji yalipopungua. Nimefanya yote uliyosema. Waya ni mpya, honi imenyamaza.

Kuna jambo jingine. Swichi ya taa ya mbele nikiisukuma kwenda kwenye mwanga mdogo, taa inazimika kabisa. Nifanye nini? Na jambo la tatu, nataka kujua tu: waya ukishabadilishwa, fundi mwingine akija kutazama anaweza kujua?

Yahaya sikumwona.

Wasalimie.
Hilari


Tabora, 11 Januari 1954

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkaza mjomba wako hajambo. Mama yako anauliza kwa nini barua yako haikumtaja.

Nitajibu maswali yako kwa utaratibu. Taa kwanza. Ndani ya swichi ile kuna ulimi wa shaba unaohama kutoka kituo kimoja kwenda kingine. Kituo cha mwanga mkubwa kinatumika kila siku, kwa hiyo ni kisafi. Cha mwanga mdogo kimekaa bila kazi, kimepata kutu ya kijani. Fungua kifuniko, sugua kwa msasa laini, upulize vumbi, kisha uinue ule ulimi kidogo kwa ncha ya kisu ili ubane. Kama bado inazimika, balbu imekatika uzi mmoja. Hilo ndilo la taa.

Sasa lile lililonifanya nikae na kalamu mkononi. Yahaya amerudi, tangu kabla ya sikukuu. Alikuja ndani ya lori la mahindi, amefungwa katika turubai. Niliitwa kusaidia kumshusha kwa kuwa wanaume mtaani walikuwa wachache. Nilishika upande wa mabega, na mkono wake wa kulia uliteleza nje ya turubai ukaning'inia kama kamba, hauna mfupa mzima ndani yake. Kichwa kilikuwa kimepigwa mpaka uso haupo. Mkewe alimtambua kwa kidole cha mguu kilichokatwa na shoka zamani akiwa kijana. Kuluthumu hakulia. Aliushika ule mguu kwa mikono miwili, na mashehe walipotaka kumwosha maiti ikabidi ndugu zake waifungue mikono hiyo kidole kwa kidole. Tulimzika alasiri.

Dereva anasema aliuawa karibu na kisima, kwenu, na polisi walilijua jina lake kwa hati ya ununuzi wa ng'ombe. Wamekamatwa wanaume tisa, wako Nzega, na wanasema waliitikia mwano. Polisi wanasema hakuna asiye ndugu yao aliyesikia mwano wowote.

Swali lako la tatu. Ndiyo, fundi atajua. Waya mpya unang'aa kati ya waya za zamani. Na pale shaba ilipogusa chuma, cheche zimechimba kishimo cheusi, kama kovu la ndui. Rangi inafunika weusi. Shimo haiwezi kulifunika.

Umeandika kwamba Yahaya hukumwona, nami sikuulizi tena. Nauliza la ufundi tu: ule waya uliuchomoa kabla, au baada?

Mjomba wako,
Justus


Igunga, 2 Februari 1954

Mjomba,

Shikamoo. Mwandiko huu usikushangaze, nashikilia karatasi kwa kiwiko. Mkono wa kushoto umevunjika.

Baada. Sasa umejua. Barua yako ilinikuta Yahaya ameshazikwa kwenu Tabora. Unaniandikia nichomoe waya "leo hii", na hiyo leo ilikuwa imekwama matopeni!

Nitakueleza mara moja tu, usiniulize tena. Ilikuwa jioni, jua bado lipo. Nilikuwa nimesimama pale kona ya kisima, niko juu ya pikipiki, injini inaunguruma, nawapisha ng'ombe. Aliyekuwa anawaswaga alikuwa mbele. Niliona mgongo na kanzu iliyofungwa kiunoni, uso sikuuona. Honi ikalia. Yenyewe, mjomba. Walitoka. Masolwa alifika wa kwanza, akampiga rungu la bega, kisha la goti, na yule mtu akakaa chini kama aliyechoka na safari. Wenye mikuki wakafika. Mzee Ngollo, na uzee wake wote, alikuja na shoka la kuni na hakuna aliyemzuia. Walimpiga mpaka vumbi likawa tope chini ya miguu yao. Mmoja aliteleza katika tope hilo, akainuka anacheka, akaendelea. Honi ililia tangu mwanzo, na walipochoka ilikuwa bado inalia. Mimi sikushuka kwenye pikipiki. Sikuinua mkono wangu juu ya mtu.

Polisi walipokuja niliwaambia sikusikia honi wala mwano. Wakasema vizuri, kama hakuna mwano basi hawa ni wanyang'anyi wa barabarani, na mnyang'anyi aliyeua ananyongwa. Sasa ndugu zao hawanipi pumzi. Walichoma ghala langu. Juma lililopita waliningoja njiani na mipini ya majembe. Mmoja alikalia kifua changu, mwingine akauweka mkono juu ya jiwe. "Sema ililia! Hatutaki kingine. Sema tu ililia!" Nilinyamaza, wakauvunja. Niliusikia unavunjika kabla sijausikia unauma.

Nikisema ililia, Jaji atauliza nani aliiliza. Waya wa zamani nimeutupa chooni. Mwenyewe umeniandikia kwamba honi haina akili. Basi mlaumu waya.

Hilari


Tabora, 18 Februari 1954

Mpwa wangu Hilari,

Marahaba, na pole kwa mkono. Mtafute mganga wa hospitali aufunge kwa vibao, usiwaachie waganga wa mtaani waukande. Mfupa uliounganika vibaya huvunjwa upya.

Mama yako sijamwambia. Kuluthumu yuko ndani ya eda, hatoki wala haonani na wanaume, lakini kila asubuhi anamtuma dada yake Zamda mlangoni kwangu: "Shemeji yako anauliza, kijana wako wa Igunga hajaandika?" Najibu kwamba barabara ni mbovu. Nimemaliza njia zote za kuusema ubovu wa barabara.

Nimefanya jaribio. Fundi Mussa, mwenye kibanda karibu na soko, ana pikipiki ya namna yako. Nilimwomba anichubulie waya wa honi pale shingoni, akanitazama kama mzee aliyepotewa na akili, lakini akachubua. Nikapanda, na umri huu, Mussa amenishika kiuno nisianguke. Nikakata usukani kushoto mpaka mwisho, honi ikalia, na kuku wa soko zima wakakimbia. Nikaurudisha upana wa vidole viwili tu, ikanyamaza. Nikarudia mpaka Mussa akaziba masikio. Mtu anapokaa juu ya pikipiki iliyosimama na injini inatetemeka, usukani haubaki mwisho wa kushoto. Tetemeko linaurudisha. Ukitaka ubaki pale, inabidi uushikilie, na kuushikilia kunachosha. Mimi mikono iliniuma.

Kwa hiyo naamini kwamba ilianza yenyewe. Sikuandikii kukuita mwongo katika hilo. Lakini umeniandikia kwamba ililia tangu rungu la kwanza mpaka walipochoka, na kwamba wewe ulikuwa juu yake muda wote. Na barua yako ya Novemba inaonyesha kwamba ulijua jinsi ya kuinyamazisha.

Waya umekwisha kazi yake hapo, Hilari. Kinachobaki si cha ufundi wa umeme, na mimi sina elimu nacho.

Korti itakaa Nzega mwezi wa tatu. Watu tisa, na Mzee Ngollo miongoni mwao, watapandishwa kizimbani kama wanyang'anyi, na yuko mtu mmoja tu anayeweza kumwambia Jaji waliitwa na nini. Wale waliofanya vile kwa mikono yao wana hatia yao, sikuombi uwaoshe. Nakuomba uende useme lililo lako. Yawezekana watakufunga. Yawezekana ni zaidi ya kufungwa. Najua ninachokuomba, ndiyo maana nimeandika polepole.

Mjomba wako,
Justus


Gerezani Nzega, 4 Aprili 1954

Mjomba,

Shikamoo. Mkono umeunganika, umepinda kidogo. Chakula si kibaya.

Nilikwenda. Nilisimama nikasema ililia. Wakaileta pikipiki uani, wakaondoa tangi, askari mmoja akatia kidole shingoni akakikuta kile kishimo ulichosema. Jaji akaniuliza: "Na baada ya kuanza?" Nikamwambia. Ndugu za Masolwa walikuwa wamesimama nje ya madirisha, wakisikiliza.

Wale tisa wameondolewa kitanzi. Wamepata vifungo, virefu kwa Masolwa na Ngollo. Mimi nimekamatwa pale pale. Kesi yangu ni peke yake, itasikilizwa Juni, na wakili hajanificha kwamba kitanzi kwangu hakijaondolewa.

Wewe umefika peke yako hadi nusu ya njia, nami nitakupeleka iliyobaki. Honi ilipoanza mkono wangu ulitaka kunyoosha. Nikaona watu wanatoka, na Masolwa mbele yao, nikakumbuka meno na kicheko cha siku ile. Nikaona ng'ombe wengi na mgongo wa mtu nisiyemjua. Nikasema moyoni, safari hii yupo mwizi, safari hii sitakuwa nimewaita bure. Nikaushikilia.

Alipokaa chini akageuka, nikamtambua. Usukani ukanitoka kidogo, honi ikakatika kwa pumzi moja, na katika pumzi hiyo nikamsikia: "Mtoto wa Marcelina! Waambie mimi—"

Waligeuka kunitazama, mjomba. Wote, na marungu yao juu. Kama ningesema namjua, kama ningesema ni mashine tena, wangenijia mimi. Nikaukata usukani kushoto.

Huyo ndiye mpwa wako. Mama mwambie wewe, mimi siwezi.

Hilari


Tabora, 2 Mei 1954

Hilari,

Marahaba. Mama yako nimemwambia. Amekaa kwetu tangu siku hiyo, anachambua mchele ambao umeshachambuliwa.

Eda ya Kuluthumu imekwisha. Siku aliyotoka, nyumba ya kwanza aliyoingia ilikuwa yangu. Nilimsomea barua yako yote, sikuruka neno. Nilipomaliza alinipiga kofi. Nilibaki nimekaa. Akanipiga la pili, Apolinaria akasogea, nikamwashiria amwache. Akaniambia nisome tena pale Yahaya anaposema. Nikasoma. Akaniambia tena. Nilisoma mpaka sauti ikanikauka.

Kisha akasema hataki uombe msamaha, na nikuandikie hivyo wazi. Anataka jambo moja. Anasema mumewe hakuwa mtu wa kuachia maneno katikati, na kwamba ulipomziba hakunyamaza. Wewe ndiye uliyekuwa karibu, ukimtazama usoni. Anataka kujua alisema nini baada ya hapo, mpaka mwisho. Anakuja kila siku baada ya sala ya alasiri kuuliza kama umejibu.

Mjibu.

Justus


Gerezani Nzega, 16 Mei 1954

Mjomba,

Shikamoo. Nakusalimu wewe, mkaza mjomba na mama.

Mwambie Mama Kuluthumu kwamba alisema mengi. Alikuwa ananitazama mimi, hao wengine hakuwatazama hata mara moja, na midomo yake iliendelea kusema hata alipokuwa amelala chini. Niliiangalia mpaka ilipoacha.

Maneno sikuyasikia. Honi ilikuwa inalia.

Hilari